Mgongo Unauma: Lini Upige Picha, Lini Usubiri

Kiuno kikishika, wengi huingia kwa daktari na ombi tayari mdomoni: "Naomba nipigwe picha tujue kuna nini." Ombi hilo lina mantiki yake. Aliyeanguka akaumia mkono hupigwa eksirei, ufa ukaonekana, akafungwa plasta na safari ikaanza ya kupona. Kwa nini mgongo usiwe hivyo?

Kwa sababu mgongo mara nyingi huuma pasipo kuvunjika kitu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba katika visa takriban 90 kati ya kila 100 hakuna ugonjwa au jeraha moja linaloweza kutajwa kuwa ndilo chanzo. Misuli, kano na viungo vidogo vya pingili vimechokozwa. Maumivu ni ya kweli, na yanaweza kumlaza mtu mzima chini, lakini kwenye picha hayana alama.

Kundi dogo linalobaki ni jingine kabisa. Humo wamo wenye kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani iliyosambaa kwenye mifupa, pingili iliyovunjika na neva zilizobanwa vibaya. Kwa hao picha inaweza kuokoa miguu au uhai, na kila wiki inayopotea ina gharama.

Hapa Afrika Mashariki makosa hutokea pande zote mbili. Mwenye bima nzuri hupigwa MRI siku ya tatu kwa maumivu ambayo yangeondoka yenyewe. Mwingine, anayekonda na kupata homa za jioni, huchomwa sindano za maumivu miezi kadhaa bila mtu kumwangalia mgongo. Mwongozo huu unakusaidia kujua uko kundi lipi. Swali la kuubeba ni moja: majibu ya picha hii yatabadilisha matibabu yangu? Kama yatabadilisha, ipigwe. Kama hayatabadilisha, subiri.

Maelezo haya ni ya watu wazima. Mtoto anayelalamika mgongo kwa zaidi ya siku chache, au anayeamka usiku kwa maumivu, apelekwe akaonwe na daktari bila kungoja hatua zilizoandikwa hapa.

## Kwa nini picha isiwe hatua ya kwanza

Picha huonesha umbo, haioneshi maumivu. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zilizopima migongo ya watu 3,110 wasio na maumivu yoyote. Wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikutwa na diski zilizoanza kuchakaa. Wenye miaka 50 walikuwa asilimia 80, na wenye miaka 80 walikuwa asilimia 96. Diski zilizotuna zilipatikana kwa asilimia 30 ya vijana wa miaka 20 na asilimia 60 ya watu wa miaka 50. Wote hao walikuwa wazima. Mvi haziumizi kichwa, na diski iliyochakaa si lazima iumize mgongo.

Kwa hiyo ukipigwa MRI ukiwa na miaka 45, karibu hakika kitaonekana kitu. Kazi ngumu ni kujua kama kitu hicho ndicho kinachouma, na kazi hiyo haifanywi na mashine. Inafanywa na mtu anayekusikiliza na kukupima.

Kupiga mapema hakuponyeshi haraka. Mwaka 2009 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 6 yenye wagonjwa zaidi ya 1,800 wasio na dalili za hatari. Waliopigwa picha mapema hawakupona vizuri kuliko waliotibiwa kawaida. Jaribio moja la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2001, lilionesha kuwa waliopigwa eksirei waliridhika zaidi na huduma, lakini miezi mitatu baadaye walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kulalamika maumivu. Mtu akishaambiwa "pingili zako zimesagika," huanza kuogopa kuinama, kubeba na kutembea, na mgongo usiotumika hudhoofika.

Picha moja huzaa nyingine. Kivuli kisicho na maana huitisha kipimo kingine, kisha rufaa, kisha pendekezo la upasuaji ambao pengine haukuhitajika. Gharama hizo, hata bima ikilipa, zinaanzia kwenye ile picha ya kwanza.

Eksirei na CT zina mionzi. Eksirei ya kiuno hutoa mionzi zaidi ya mara 10 ya ile ya kifua, kwa kuwa inabidi ipite kwenye nyama na mifupa minene. CT hutoa zaidi ya hapo. Picha moja yenye sababu isikutishe. Kinachopaswa kuepukwa ni mionzi isiyo na faida, hasa kwa vijana na wanawake wenye uwezekano wa kuwa wajawazito.

## Ijue kazi ya kila kipimo

- Eksirei. Ni ya bei nafuu na inapatikana hadi hospitali za wilaya. Inaonesha mifupa: kuvunjika, kujipinda, pingili kuteleza juu ya nyingine. Haioneshi diski, neva wala uti wenyewe. Haiwezi kuondoa shaka ya kifua kikuu au saratani changa, kwa sababu mfupa lazima upoteze sehemu kubwa ya madini yake kabla pengo halijaonekana.
- CT skani. Inaonesha mifupa kwa undani mkubwa. Inafaa ajali kubwa, au pale MRI inapohitajika lakini haipo au mgonjwa haruhusiwi kuingia humo.
- MRI. Hutumia sumaku yenye nguvu, haina mionzi ya eksirei. Ndiyo inayoona diski, neva, uti wa mgongo, usaha na uvimbe. Bei yake ni mara kadhaa ya eksirei, na mara nyingi ipo katika miji mikubwa tu.
- Ultrasaundi. Haioni diski wala neva za kiuno. Lakini ikiwa daktari anashuku figo, kizazi au mshipa mkubwa wa damu tumboni, ndicho kipimo sahihi.

> TAHADHARI: "Kipimo cha mwili mzima"
> Kwenye maonesho, stendi na baadhi ya maduka ya dawa lishe kuna vifaa unavyoshika kwa kiganja, kisha kompyuta inatoa orodha ya magonjwa, yakiwemo ya "pingili" na "diski." Kifaa cha kushika mkononi hakipigi picha ya mgongo. Usinunue dawa wala usikubali tiba kwa majibu yake.

## Hatua ya 1: Tafuta dalili za hatari

Kabla ya kufikiria picha, pitia visanduku vitatu hivi. Jibu kwa ukweli, hata maswali ya haja na tendo la ndoa, maana hayo ndiyo watu huyaficha na ndiyo yenye uzito.

> KISANDUKU CHEKUNDU: Nenda hospitali sasa hivi, hata usiku
>
> ☐ Mkojo umegoma kutoka, au unatoka bila wewe kuhisi
> ☐ Haja kubwa inakuponyoka
> ☐ Ganzi katikati ya mapaja, sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa. Ukijifuta huhisi vizuri
> ☐ Miguu yote miwili inalegea au inakufa ganzi
> ☐ Mguu mmoja unazidi kukosa nguvu saa hadi saa au siku hadi siku
> ☐ Umeanguka kutoka juu (mti, paa, jukwaa la ujenzi) au umepata ajali ya gari au bodaboda, na mgongo unauma sana
> ☐ Homa kali pamoja na maumivu makali ya mgongo, hasa kama miguu nayo imepungua nguvu
> ☐ Maumivu ya ghafla ya tumbo na mgongo pamoja na kizunguzungu au kuzimia, hasa kwa mzee

Dalili tano za mwanzo zinaashiria kuwa uti wa mgongo, au fungu la neva zinazoshuka chini yake kwenda kwenye kibofu, njia ya haja na miguu, limebanwa. Hapa muda unahesabiwa kwa saa. MRI inatakiwa kwa dharura na daktari wa upasuaji ajulishwe wakati huohuo. Ukicheleweshwa, mkojo na nguvu za miguu vinaweza visirudi tena.

Ukifika mapokezi, usiseme tu "mgongo unauma," utawekwa kwenye foleni. Sema: "Mgongo unauma na mkojo umegoma tangu asubuhi." Sentensi hiyo ndiyo itakayokuvusha.

Majeruhi wa ajali asikunjwe wala kubebwa mgongoni. Alazwe chali juu ya ubao au kitu kigumu, na kichwa, shingo na kiwiliwili visogezwe kwa pamoja.

> KISANDUKU CHA NJANO: Onana na daktari ndani ya siku chache
>
> ☐ Umewahi kutibiwa saratani, hasa ya titi, tezi dume, mapafu, figo au tezi ya shingo
> ☐ Unakonda bila sababu
> ☐ Homa za jioni, jasho jingi usiku, au umewahi kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu
> ☐ Unaishi na virusi vya UKIMWI, una kisukari, au unatumia dawa zinazopunguza kinga
> ☐ Unafuga, unachinja au unakunywa maziwa yasiyochemshwa, na una homa za kuja na kuondoka pamoja na maumivu ya viungo
> ☐ Una selimundu na maumivu haya si kama yale uliyoyazoea
> ☐ Umekuwa ukitumia prednisoloni au dawa za jamii yake kwa muda mrefu
> ☐ Una umri mkubwa na maumivu yameanza baada ya kuteleza au kunyanyua kitu kidogo tu
> ☐ Maumivu hayatulii hata ukilala, na yanazidi wiki hadi wiki
> ☐ Kuna kinundu kimechomoza katikati ya mgongo
> ☐ Una chini ya miaka 45, mgongo unakakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, maumivu yanapungua ukitembea na kuzidi ukipumzika, na hali hii imezidi miezi mitatu

Alama moja peke yake si hukumu. Mtu wa miaka 60 asiye na jambo jingine si lazima awe na ugonjwa mkubwa. Alama mbili au tatu zikikutana ndipo shaka inapokuwa nzito. Isipokuwa historia ya saratani, ambayo hata peke yake inatosha kumfanya daktari atafute zaidi.

Mara nyingi hapa daktari ataanza na kipimo cha damu kinachoonesha kama mwili una uvimbe au maambukizi (ESR au CRP), pamoja na eksirei. Shaka ikibaki, MRI inafuata hata kama eksirei imeonekana safi.

> KISANDUKU CHA KIJANI: Unaweza kusubiri
>
> ☐ Hakuna hata alama moja katika visanduku vya juu
> ☐ Maumivu yameanza baada ya kubeba, kuinama, kulima, kukaa muda mrefu kwenye bodaboda au bila sababu unayoijua
> ☐ Yanabadilika ukibadili mkao: kuna namna ya kulala au kusimama inayoyapunguza
> ☐ Yanaweza kushuka hadi kwenye kalio au mguu mmoja, lakini mguu una nguvu

Hapa huhitaji picha kwa sasa. Vyama vya madaktari vya Marekani vimekuwa vikielekeza kwamba mgonjwa wa namna hii asipigwe picha katika wiki 6 za mwanzo, na taasisi ya NICE ya Uingereza nayo, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, ilisema picha zisiwe jambo la kawaida kwa wagonjwa wasio na dalili za hatari.

## Hatua ya 2: Pima nguvu za miguu yako

Jaribio hili ni la dakika mbili. Shika meza au ukuta usianguke.

1. Tembea kwa visigino hatua kumi, vidole vikiwa juu. Kama mguu mmoja vidole vinadondoka, andika.
2. Tembea kwa vidole hatua kumi. Kisha simama kwa vidole vya mguu mmoja, upande hadi upande. Kama upande mmoja unashindwa kukunyanyua, andika.
3. Chuchumaa kidogo na uinuke. Angalia kama goti moja linalegea.
4. Pitisha kidole juu ya mapaja, miguu na nyayo pande zote mbili. Linganisha hisia.

Rudia kila baada ya siku mbili. Mguu ukisita kwa sababu unauma, hilo ni jambo la kawaida. Mguu usiotii ingawa hauumi sana ndio wenye shaka. Udhaifu mpya unakupeleka kwa daktari siku hiyohiyo; udhaifu unaoongezeka unakuhamishia kisanduku chekundu.

## Hatua ya 3: Zitumie vizuri wiki 6

Kusubiri si kulala. Kwa walio wengi maumivu hupungua sana ndani ya wiki chache, na unachofanya katika kipindi hicho kina mchango wake.

1. Endelea kutembea. Kama siku ya kwanza huwezi kuinuka, pumzika, lakini usipitishe siku moja au mbili kitandani. Anza na mzunguko wa nyumba, kisha hadi dukani, kisha zaidi.
2. Punguza kazi, usiiache. Beba ndoo nusu badala ya nzima. Gawa shamba kwa vipande. Dereva ashuke na kunyoosha miguu kila baada ya muda.
3. Tumia joto. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, dakika 15 hadi 20. Isiwe ya kubabua.
4. Dawa kwa kiasi. Ibuprofen au diklofenaki zinaweza kusaidia kwa siku chache, kwa dozi ndogo inayotosha, baada ya kula. Usizitumie bila ushauri kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, shinikizo la damu lisilotulia, ujauzito, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usimeze mbili za jamii hiyo kwa pamoja.
5. Mwone mtaalamu wa fiziotherapia kama baada ya wiki mbili hivi hujaona nafuu. Mazoezi unayofundishwa na kuyafanya nyumbani yana thamani kuliko mkanda wa kiuno unaovaliwa mwaka mzima.
6. Pitia visanduku tena kila Jumapili. Dalili za hatari zinaweza kuja baadaye, na hazikungojei umalize wiki 6.

> ONYO: Kukandwa na kunyooshwa
> Kuchuliwa taratibu kunaweza kukupa nafuu. Lakini kama una alama yoyote ya kisanduku chekundu au cha njano, usikubali mtu akukanyage mgongo, akuvute au akualishe pingili kabla hujaonwa na daktari. Mfupa ulioliwa na kifua kikuu au saratani unaweza kuvunjika mikononi mwake.

## Hatua ya 4: Wiki 6 zimepita, je?

Hata sasa picha haiji yenyewe. Angalia uko wapi:

- Unapata nafuu, ingawa polepole. Endelea ulivyo. Picha haitaharakisha.
- Maumivu yapo kiunoni tu, hayazidi, na hakuna dalili za hatari. Rudi kwa daktari akupime upya. Mazoezi, usingizi, msongo wa mawazo na mpangilio wa kazi ndivyo vya kushughulikia. Mara nyingi MRI haitaongeza kitu.
- Maumivu makali yanashuka mguuni hadi chini ya goti, na hayajapungua. Hapa inawezekana diski inagusa neva. Diski nyingi zilizochomoza husinyaa zenyewe kwa miezi. MRI ina maana kama wewe na daktari mnafikiria sindano maalumu au upasuaji. Kama huko hutaki kwenda, na mguu una nguvu, picha inaweza kungoja.
- Una umri mkubwa, ukitembea kidogo miguu inakuwa mizito, na ukikaa au kuinama mbele unapata nafuu. Huenda njia ya neva imebanwa. MRI inafaa kama matembezi yameathirika kiasi cha kufikiria upasuaji.
- Wewe ni kijana mwenye mgongo unaokakamaa asubuhi. Omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya viungo. Kwa mgongo wa namna hii eksirei inaweza kuwa safi kwa miaka, kwa hiyo picha yenye maana ni ile inayolenga viungo vya nyonga nyuma, sio kiuno peke yake.

> KISANDUKU MAALUMU: Kifua kikuu cha mgongo
> Kifua kikuu hakiishii mapafuni. Kikiingia mgongoni hula pingili mbili zinazopakana na diski iliyo kati yake, na taratibu mgongo hukunjika ukatoa kinundu. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na bado upo kwetu.
>
> Wengi wa wenye ugonjwa huu hawakohoi, na eksirei ya kifua inaweza kuwa safi. Kwa hiyo kukosa kikohozi kusikutulize. Maumivu yanayozidi kwa wiki au miezi, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au jipu lisilo na moto kwenye kinena, yanatosha kuomba MRI na uchunguzi wa kifua kikuu. Pale inapowezekana, kipande kidogo huchukuliwa kwa sindano na kupimwa ili kuthibitisha vimelea.
>
> Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma Tanzania na Kenya, na ugonjwa ukigundulika kabla miguu haijalegea, wengi hupona bila upasuaji.

## Hatua ya 5: Zungumza na daktari

Daktari mwenye foleni ndefu huona ni haraka zaidi kuandika eksirei kuliko kueleza kwa nini haihitajiki. Mrahisishie. Nenda na karatasi yenye mambo haya: maumivu yalianza lini, yanashuka wapi, nini kinayapunguza, majibu ya jaribio la miguu, magonjwa uliyowahi kuugua na dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba.

Kisha uliza:

1. "Daktari, umeona dalili gani inayokufanya ushuku kitu kikubwa?"
2. "Unatafuta nini kwenye picha hii?"
3. "Kikionekana, tutafanya nini? Kisipoonekana, je?"
4. "Picha hii ndiyo inayokijibu hicho, au nitaambiwa baadaye nikapige nyingine?"
5. "Tukisubiri wiki mbili, hatari yake ni nini?"

Maswali haya si ya kumpinga. Daktari mwenye sababu atakujibu kwa sentensi mbili. Na kama ni wewe mwenye alama za kisanduku cha njano na hupewi kipimo, geuza maneno: "Daktari, nimepungua uzito na ninapata homa kila jioni. Naomba tuhakikishe si kifua kikuu." Kama kituo hakina kipimo, omba barua ya rufaa yenye dalili hizo zimeandikwa. Barua iliyoandikwa tu "maumivu ya mgongo" itakuchelewesha huko uendako.

## Hatua ya 6: Siku ya picha

Kwa eksirei na CT:

☐ Mwanamke, sema kama una ujauzito au hedhi imechelewa
☐ Beba picha za zamani. Huenda mpya isihitajike
☐ Kama utachomwa dawa ya kung'arisha picha, taja ugonjwa wa figo, kisukari na mzio

Kwa MRI:

☐ Taja chuma chochote mwilini: kifaa cha kuendesha moyo, klipu za kichwani, kifaa cha masikio, risasi, vyuma vya upasuaji
☐ Fundi wa kuchomelea au kusaga vyuma, sema kama chembe iliwahi kuingia jichoni
☐ Vua vito, hirizi zenye chuma, mkanda na simu; toa kadi za benki
☐ Kama unaogopa sehemu finyu, sema mapema. Utalala ndani ya tundu lenye kelele nyingi kwa karibu nusu saa
☐ Mjamzito anaweza kupigwa MRI kama kuna sababu, kwa kawaida bila dawa ya kung'arisha picha
☐ Uliza kama unahitaji dawa hiyo: mara nyingi haihitajiki, isipokuwa kwa shaka ya maambukizi, saratani, au kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mgongo

Ondoka na picha zenyewe kwenye CD pamoja na ripoti. Daktari wa upasuaji atataka kuziona kwa macho yake.

## Hatua ya 7: Soma ripoti bila kupaniki

Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, mwanamke wa miaka 63 mwenye maumivu ya kiuno na mguu alipigwa MRI katika vituo 10 tofauti ndani ya wiki 3. Ripoti zote kwa pamoja zilitaja kasoro 49, na hakuna hata moja iliyotajwa na ripoti zote 10. Ripoti ni maoni ya mtaalamu aliyeangalia picha, mara nyingi bila kukuona. Hukumu hutoka pale picha inapokutana na mwili wako.

Maneno yanayotisha kuliko uzito wake:

- *Diski kukauka au kuchakaa*: umri, kazi na urithi. Ni kawaida.
- *Diski kutuna*: kawaida sana kwa wasio na maumivu pia.
- *Vijipembe vya mifupa*: mwili unavyozoea umri.
- *Kunyooka kwa mpindo wa kiuno*: mara nyingi misuli imekaza ulipokuwa umelala mezani.

Maneno ya kumrudia daktari upesi:

- Uti wa mgongo au fungu la neva *limebanwa*
- *Usaha*, *jipu*, au uharibifu wa pingili mbili na diski kati yake
- *Uvimbe*, au vivuli vingi kwenye mifupa kadhaa
- Pingili *iliyovunjika* au *kubonyea* hivi karibuni

Kanuni ya kulinganisha: kasoro iwe upande uleule na kimo kilekile cha maumivu yako. Mguu wa kulia ukiuma na ripoti ikataja diski inayogusa neva ya kushoto, diski hiyo siyo inayokuumiza.

## Makosa ya kawaida

1. Kujipeleka maabara binafsi na kulipia MRI bila kupimwa na daktari. Unapata majibu yasiyo na swali.
2. Kutulia kwa sababu "eksirei iko safi." Kama bado una homa, unakonda au miguu inalegea, eksirei safi haijafunga kesi.
3. Kurudia picha kila mwaka kuona "kama pingili zimerudi." Chakavu halirudi kuwa jipya, na halihitaji kurudi ili wewe upone. Picha hurudiwa kama dalili zimebadilika.
4. Kukubali upasuaji kwa sababu ya picha peke yake. Upasuaji wa diski hufanywa zaidi kwa maumivu ya mguu au udhaifu unaolingana na picha. Kama hakuna dharura, tafuta maoni ya pili.
5. Kuona aibu kutaja mkojo, haja na ganzi ya sehemu za siri. Ndizo taarifa zinazobadilisha foleni, kipimo na matokeo.
6. Kuchoma sindano za maumivu wiki hadi wiki. Zinaficha homa na maumivu huku ugonjwa ukiendelea, na figo zinaumia.

> KATA UHIFADHI: Kabla hujalipia picha ya mgongo
>
> ☐ Nimepitia visanduku vyekundu na vya njano
> ☐ Nimepima nguvu za miguu na kuandika majibu
> ☐ Daktari amenipima kwa mikono yake, si kwa maneno tu
> ☐ Najua picha inatafuta nini
> ☐ Najua tutafanya nini kitu hicho kikionekana, na tutafanya nini kisipoonekana
> ☐ Kama sina dalili za hatari, nimeshatembea, nimefanya mazoezi na kusubiri wiki 6
> ☐ Nimepanga siku ya kurudi kwa daktari na majibu
>
> *Alama yoyote ya kisanduku chekundu inafuta orodha hii yote: nenda hospitali sasa, karatasi utaijaza baadaye.*